Kabla hujauliza ekari ni shilingi ngapi

Wenye viwanda wengi wanaonipigia simu huanza na swali moja: "Mama, Mkuranga ekari inakwendaje siku hizi?" Mimi ni mthamini wa ardhi na majengo. Nimesomea Chuo Kikuu Ardhi, na kwa miaka mingi riziki yangu imetokana na kuwatafutia watu mahali pa kuweka mashine, halafu kuwaangalizia majengo hayo wakishahamia. Swali la bei sikatai kulijibu, ila huwa natanguliza langu: mzigo unaoingia kwako kwa mwezi ni tani ngapi, na unaotoka ni tani ngapi? Hapo wengi hunyamaza. Mishahara wanaijua, bei ya malighafi wanaijua kwa dola na kwa shilingi, lakini uzito wa vitu vinavyopita getini hawajawahi kuujumlisha.

Kiwanja unakilipia mara moja, hata kikiwa ghali. Lori utalilipia mpaka ufunge kiwanda. Ndiyo maana naanzia kwenye kilo.

Chukua saruji. Tani moja ya klinka, zile punje zilizochomwa zinazosagwa kuwa saruji, inakula takriban tani moja na nusu ya chokaa ya mawe, na sehemu kubwa ya uzito wa jiwe lile inapotelea tanurini kama hewa ya ukaa. Nani atasafirisha hewa kwa lori? Kwa hiyo wenye saruji ya Twiga wamekaa juu ya mawe yao Wazo Hill tangu miaka ya 1960, Simba wako Pongwe, Tanga, Tembo wako Songwe, Mbeya. Dangote alipoamua kujenga kiwanda cha tani milioni 3 kwa mwaka, alikwenda Mtwara, mbali kabisa na mnunuzi wa Dar es Salaam, kwa sababu chokaa iko pale na gesi ya Mnazi Bay iko jirani. Sukari ndiyo kabisa. Inahitajika miwa tani kumi hivi kupata sukari tani moja, na muwa ukishakatwa utamu unaanza kushuka kila saa unayochelewa. Huwezi kuukuta mtambo wa sukari Chang'ombe, ndani ya Dar. Utaukuta Kilombero, Mtibwa, Kagera, Arusha Chini kule TPC, shamba limeuzunguka pande zote. Hali kadhalika karatasi: kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichofunguliwa mwaka 1985, kiliwekwa karibu na misonobari ya Sao Hill, mto wa maji na reli ya TAZARA.

Bia inakwenda kinyume. Sehemu kubwa ya chupa ni maji, na maji yapo kila mahali. Shayiri kidogo na chupa tupu zinasafiri, kisha unapika karibu na wanywaji. TBL wana mitambo Dar, Arusha, Mwanza na Mbeya, na ukiiangalia ramani utaona ni mgawanyo wa kiu ya nchi.

Sasa, mtu anayenichekesha kila mara ni wa plastiki. Anataka kukaa karibu na bandari kwa sababu malighafi yake inatoka nje. Namwambia tuhesabu. Resini, yaani chembe za plastiki ghafi, inakuja kwenye mifuko ya kilo 25, kontena la futi 40 linabeba tani ishirini na kitu, limeshiba. Lakini tangi la maji la lita 5,000 halifiki hata kilo 150, na lori zima linaondoka na matangi machache tu, limejaa lakini jepesi. Kwa hiyo wewe mwenye matangi, ukikaa bandarini, unalipa nauli ya kusafirisha upepo mpaka Shinyanga. Ni nafuu resini isafiri, ukafinyange huko huko kwa wateja. Magodoro nayo ni hivyo hivyo. Mwenye vizibo vya chupa hayumo humu. Vizibo vinafungashika, yeye akae anapotaka.

Hesabu hii wataalamu wa jiografia wanaifundisha tangu Mjerumani Alfred Weber alipoiandika mwaka 1909, na imebaki kuwa chombo bora kuliko ripoti nyingi za kurasa mia nilizolipwa kuzisoma.

Sasa turudi mjini. Kwa nini Dar viwanda vilijipanga Barabara ya Nyerere, ile tuliyokuwa tukiiita Pugu Road, na Chang'ombe? Reli. Reli ya kati inapita, na TAZARA ilipokuja miaka ya 1970 stesheni yake ikawekwa pale pale. Baadhi ya viwanda vilikuwa na njia ya reli inayoingia mpaka uani. Nyingine leo ziko chini ya lami, na vijana wanaegesha bodaboda juu yake bila kujua. Kisha gesi ya Songo Songo ikafika Dar mwaka 2004, na bomba dogo la viwandani likapitishwa maeneo hayo hayo. Aliyekuwa na boila ya mafuta mazito akageuza kwenda gesi, na kiwanja chake kikapanda thamani bila yeye kupaka hata rangi ukuta. Mpaka leo nikithamini godauni la eneo lile, jambo la kwanza ninaloangalia ni kama bomba la gesi liko upande wa barabara yake.

Halafu mji ukamea kuwazunguka. Lori linalotoka Chang'ombe mchana linashindana na daladala, na ardhi ambayo ilikuwa ya kuchemshia sabuni sasa inatakiwa na mwenye showroom ya magari. Ndipo wote wakaanza kutoka. Walitoka kwa njia mbili: Barabara ya Kilwa kwenda Vikindu na Mkuranga, na Barabara ya Morogoro kwenda Kibaha, Mlandizi, Chalinze.

Hapa ndipo swali la "ekari inakwendaje" linapowapoteza watu, maana bei za pande hizi mbili zinaweza kufanana na kumbe maisha yake hayafanani hata kidogo. Ukiwa Mkuranga, kontena linatoka bandarini, linashika Barabara ya Kilwa, linafika. Halina habari na Ubungo. Safi sana kwa anayeagiza vitu nje. Pia bomba kubwa la gesi kutoka Mtwara linapita ukanda ule, ndiyo maana kiwanda cha vigae cha Goodwill kilikaa pale. Tanuri la vigae halizimwi, na gesi ndiyo chakula chake. Lakini bidhaa yako ikimalizika, mnunuzi yuko wapi? Kama ni Lindi, Masasi, Songea, vema. Kama ni Dodoma, Mwanza, Kigoma au Lubumbashi, mzigo wako lazima urudi mjini, upite Mbagala Rangi Tatu, ukate Barabara ya Mandela, utokee Ubungo ndipo uanze safari. Aliyeko Mlandizi anataabika na kontena lake mara moja wakati wa kuingia, na bidhaa ikitoka tayari iko njiani kwenda bara. Nimewahi kumwonyesha mteja hesabu hii kwa kalamu juu ya boneti ya gari, akaniuliza kwa nini dalali hakumwambia. Dalali ana ardhi Mkuranga, atamwambia nini?

Na sasa kuna Kwala, upande huo huo wa Mlandizi. Bandari kavu ilizinduliwa Julai 2025 pamoja na mizigo ya reli ya kisasa, na kandokando yake kuna eneo kubwa la viwanda. Maoni yangu: reli ikibeba makontena kutoka bandarini kwa ratiba inayoaminika, basi ile faida ya Mkuranga ya kuwa karibu na bandari itapungua sana. Ikiwa ratiba itayumba, Kwala itakuwa mbali tu. Mteja mwenye haraka simshauri ajenge pale kwa kutegemea ahadi ya mtu. Mwenye subira ya miaka mitano namwambia anunue mapema.

Tukishakubaliana upande gani, tunakwenda kuona. Madalali wa huko wana msemo wao: "Bosi, umeme upo, nguzo hizo." Nguzo ni kweli zipo. Ila nguzo za kuwashia taa za kijiji na kuchaji simu haziendeshi mashine ya kufinyangia. Nauliza: msongo gani? Laini ya kilovolti 33 iko umbali gani kutoka kwenye jiwe la mpaka? Transfoma ya karibu ina ukubwa gani na inawahudumia wangapi? Watu wananiambia siku hizi umeme si tatizo, Bwawa la Nyerere kule Rufiji limekamilika, mashine 9 za megawati 235 kila moja. Kweli, wa kuzalisha upo. Lakini umeme wa Rufiji hauingii kiwandani kwako kwa maombi. Unaingia kwa waya, na gharama ya kuuvuta huo waya kilomita kadhaa mpaka getini inakuangukia wewe. Nimeona ardhi ya bei ya kutupa ikawa ghali kuliko ya Chang'ombe baada ya kujumlisha laini, transfoma, kisima na barabara ya kifusi inayopitika masika.

Hapo bado hujaanza kutumia. Mteja mkubwa wa TANESCO halipii yuniti peke yake. Analipia pia kilele cha matumizi yake kwa mwezi, yaani ule muda mfupi ulipowasha mashine zote kwa pamoja. Nina mteja mmoja ambaye fundi wake alikuwa akiwasha kila kitu saa moja kamili asubuhi. Tulimwomba awashe moja moja kwa kupishana, bili ikashuka bila kununua kifaa chochote. Hilo nalo kwangu ni usimamizi wa jengo, ingawa wahandisi wananiambia naingilia kazi zao.

Maji: ukanda wetu wa pwani kisima kinaweza kukutolea maji ya chumvi, na boila haina adabu na chumvi. Pima kabla ya kulipa. Udongo: mfinyanzi mweusi unavimba masika na kupasuka kiangazi, sakafu ya godauni inafuata. Mto au kijito: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 za kuachwa wazi, kwa hiyo ile ekari ya chini yenye kijani kizuri, uliyoonyeshwa kama zawadi, usiihesabu. Na watu: zamu ya usiku inatoka saa ngapi, na daladala ya mwisho inapita saa ngapi? Kiwanda kikiwa porini utanunua basi, na basi linataka dereva, mafuta na matairi kila mwezi.

Karatasi ndizo zinazonipa mvi. Ardhi kubwa ya Mkoa wa Pwani bado ni ya vijiji, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura 114. Mkataba wa kuandika kwa mkono na wazee wa ukoo, ukagongwa muhuri wa ofisi ya kijiji, haukupi kitu benki itakachokipokea. Ardhi ya kijiji lazima ihawilishwe iwe ardhi ya jumla kwanza: Mkutano Mkuu wa Kijiji unakaa, fidia inakubaliwa, tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali, na eneo likizidi hekta 250 uamuzi unapanda kwa Waziri. Mgeni asiye raia hapewi hati miliki ya kawaida. Anapata haki kupitia taasisi ya uwekezaji, ambayo tangu 2025 ni TISEZA, baada ya kituo cha uwekezaji, TIC, kuunganishwa na mamlaka ya EPZ, yaani ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje. Nimeshakaa kwenye mikutano ya kijiji chini ya mwembe kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Kuna bibi mmoja alisimama akauliza swali ambalo hakuna mwanasheria wetu aliyekuwa amelifikiria: "Njia yetu ya kwendea kisimani mtaiweka wapi?" Tuliichora upya ramani. Kiwanda kile hakijawahi kugombana na kijiji.

Ukipata hati, isome nyuma. Kuna masharti ya uendelezaji. Kawaida unapewa miezi 36 kujenga. Watu wananunua ekari hamsini, wanajenga tano, nyingine wanaziacha zimee mbigili "kwa ajili ya upanuzi." Kodi ya ardhi inahesabiwa kwa zote hamsini kila mwaka, wavamizi wanahesabu zile arobaini na tano, na ofisi ya ardhi inaweza kuanza mchakato wa kufuta milki. Mteja akiniambia anataka ardhi ya upanuzi, namuuliza anapanua lini na kwa fedha ipi. Akikosa jibu, tunanunua pungufu.

Wengine nawaambia wasinunue kabisa. Kwa anayeanza, hasa mwenye soko la nje, kuna majengo ya kupanga katika ukanda maalumu wa viwanda wa Benjamin William Mkapa pale Mabibo, Dar, umeme na barabara vikiwa tayari. Masharti ya EPZ ni kuuza nje asilimia 80 ya unachozalisha, na kwa hilo unasamehewa kodi ya mapato ya kampuni miaka 10 ya mwanzo. Kama soko lako ni Kariakoo, usijidanganye, hukukusudiwa wewe. Utapanga godauni la mtu binafsi, na tangu kanuni za Machi 2025 zinazokataza kutoza bei kwa fedha za kigeni, usikubali mkataba mpya unaotaja dola kwa mita ya mraba. Ukilipa pango, kata asilimia 10 kama kodi ya zuio uipeleke TRA. Wapangaji wanaosahau hili hulikuta baadaye likiwa na riba.

Jengo lenyewe halipewi heshima yake. Kuna kiwanda cha viatu Morogoro kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kikatarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na nyingi ziende Ulaya. Kilikuwa na kuta za alumini na hakikuwa na mfumo wa kupitisha hewa. Morogoro! Anayeijua Morogoro mwezi wa pili anaelewa ndani palikuwaje. Yapo mengine yaliyokiua, vipuri, menejimenti, soko, lakini hakikukaribia hata kidogo uwezo wake, na mimi kila nikiingia kwenye godauni la bati tupu saa nane mchana nakikumbuka. Mita mbili za ziada kwenda juu na matundu ya kupumulia kwenye paji la paa ni gharama ndogo wakati wa kujenga. Baada ya kujenga, ni feni, na feni ni umeme.

Baada ya ubinafsishaji wa miaka ya 1990 tuliona jambo jingine: viwanda vya umma viliuzwa, mashine zikang'olewa zikauzwa chuma chakavu, na majengo yakageuka maghala ya kuhifadhia mchele na mitumba. Watu walikasirika, na Serikali ikaja kuvirudisha baadhi yake. Hasira naielewa. Ila mtazamo wa mthamini ni kwamba mnunuzi alikuwa amepiga hesabu yake vizuri mno. Ardhi na paa vilikuwa vikimpa pesa nyingi kuliko spindeli za uzi zilizochakaa, na mkataba haukumzuia. Kila mwenye kiwanda aliyeko katikati ya mji anakabiliwa na hesabu ile ile, hata kama hajaiandika popote.

Nina mzee mmoja wa sabuni Chang'ombe ambaye aliikabili waziwazi. Ananiita binti yangu, ingawa nina wajukuu. Kiwanja chake kilikuwa kimebaki na miaka michache kwenye hati ya miaka 33, paa la asbesto ambalo huwezi kulibomoa kiholela, na malori yakisubiri barabarani mpaka trafiki wanamfahamu kwa jina. Watoto wake walitaka auze yote. Yeye alitaka asiguse kitu. Tulikaa na jedwali la tani: mafuta ya mawese yanaingia kutoka bandarini na Kigoma, miche ya sabuni inatoka zaidi kwenda bara. Kuchemsha kukahamia Mlandizi. Chang'ombe tukahuisha hati kwanza, kabla ya mazungumzo yoyote na mtu, kisha jengo la mbele likabaki stoo ya kuwauzia wachuuzi wa mjini, na godauni la nyuma tukalipangisha.

Mpangaji wa kwanza aliyekuja alikuwa na pesa mkononi na magodoro. Nilimkataa, magodoro ya sponji chini ya paa moja na stoo ya sabuni, bima ya moto ingetukimbia. Wa pili alikuwa wa vipuri vya magari, akaingia. Mkataba wao una kurasa kumi na kitu, na kifungu kilichobishaniwa kuliko vyote, kuliko hata kodi yenyewe, ni cha nani atazibua mtaro wa nyuma kabla ya masika. Sasa unazibuliwa na mpangaji mwezi wa pili, na mzee anakwenda mwenyewe na fimbo yake kukagua.